Shoti: maana halisi, maana za kitamathali na matumizi yake

shoti (I) nomino, ngeli ya I-/ZI- (shoti hii, shoti hizi). Asili: neno la Kiingereza short, lililokatwa kutoka short circuit.

1. (umeme) hitilafu inayotokea nyaya au vipande vya sakiti vinapogusana mahali pasipotakiwa, mkondo ukapita njia ya mkato bila kupitia kwenye kifaa: *Nyaya za darini zimepiga shoti.*
2. (umeme) pigo analolipata mtu au mnyama mkondo wa umeme unapopita mwilini mwake: *Amepigwa shoti na pasi.*
3. (kitamathali) mshtuko wa ghafla unaotokana na habari, bei au tukio: *Bei ya saruji imenipiga shoti.*
4. (kitamathali, mazungumzo) kasoro ya akili au ya mwenendo: *Jamaa yule ana shoti kidogo.*

shoti (II) nomino, ngeli ya I-/ZI-. Upungufu wa fedha au bidhaa unaoonekana baada ya kufunga hesabu: *Nimepata shoti ya shilingi elfu kumi.*

shoti (III) nomino. Mwendo wa mbio wa farasi au punda: *Farasi alikwenda shoti.*

Kwa nini neno hili linahitaji makala

Yako maneno ambayo mtumiaji akiyakosea hupoteza alama ya mtihani tu. *Shoti* haimo katika kundi hilo. Katika fahiwa zake mbili za kwanza, neno hili linataja hatari mbili zilizo tofauti kwa chanzo, kwa dalili na kwa kinga, lakini msemaji wa kawaida huzitaja kwa sauti zile zile. Mfasiri wa kijitabu cha usalama, mwalimu wa fizikia na fundi anayemweleza mteja wake wote hukutana na utata huu. Makala haya yanashikilia hoja moja: nomino *shoti* peke yake haitoshi kumwambia msomaji ni hatari ipi inayozungumziwa, kinachomwambia ni kitenzi kilichofuatana nayo pamoja na kauli ya kitenzi hicho. Kanuni hiyo, kama itakavyoonekana, inatawala hata maana za kitamathali.

Mifano mingi imetungwa kwa kufuata mazungumzo ya mjini Morogoro na vijiji vya Milima ya Uluguru. Mkoa huu una sababu ya kuujua umeme vizuri. Kituo cha kufua umeme cha Kidatu, chenye uwezo wa megawati 204, kimo ndani yake kwenye Mto Ruaha Mkuu, na reli ya umeme inapita mjini. Wakati huo huo, milimani bado kuna kaya ambazo taa ya umeme ni ngeni kwao, na ambazo zinalipokea neno *shoti* pamoja na waya wa kwanza unaoingia nyumbani.

Maana ya kwanza: mkondo uliopata njia ya mkato

Katika sakiti iliyo salama, mkondo huingia kwa waya wa moto, hupita katika kifaa, mathalani taa au jiko, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Kifaa kina ukinzani, na ukinzani huo ndio unaouzuia mkondo usiwe mkubwa kupita kiasi. Ikiwa panya amekula ganda la waya darini, au msumari umepigwa ukutani ukatoboa nyaya zote mbili, waya wa moto hugusana na nyutro kabla ya kufika kwenye kifaa. Hapo ukinzani hushuka karibu na sifuri, mkondo hupanda mara nyingi zaidi ya kawaida, nyaya hupata joto kali, na pasipokuwa na kinga moto huweza kuzuka.

Hiyo ndiyo *shoti* kwa maana ya asili. Haihitaji mtu awepo. Nyumba iliyofungwa, wenyewe wako shambani Kinole, inaweza kupata shoti saa nane ya mchana na asijue yeyote mpaka moshi uonekane. Mafundi wa simu nao hulitumia neno kwa maana hii hii wanaposema *simu ina shoti*: katika bodi ya simu kuna mahali mkondo unapopita isivyotakiwa, na kwa sababu hiyo betri huisha upesi au simu hupata joto. Mteja anayeambiwa hivyo hapaswi kuogopa kuishika simu yake. Fundi anataja ugonjwa wa chombo tu.

Ni vyema kutenganisha *shoti* na *hitilafu ya umeme*. Hitilafu ni neno pana. Ndani yake mna shoti, mna nyaya zilizolegea kwenye soketi, mna kuzidisha mzigo kwa kuchomeka jiko, pasi na hita kwenye kiendelezi kimoja. Mzigo ukizidi, waya hupata joto bila kuwapo shoti yoyote. Kwa hiyo taarifa ikisema kwamba moto ulisababishwa na hitilafu ya umeme, mwandishi au mfasiri hana ruhusa ya kuandika *shoti ya umeme*, kwa kuwa atakuwa ametaja sababu mahususi ambayo chanzo chake hakikuitaja.

Maana ya pili: pigo mwilini

Katika maana ya pili, mwili wa mtu wenyewe ndio unaokuwa njia ya mkondo. Anayegusa waya wa moto huku amesimama peku kwenye ardhi yenye majimaji huupa umeme mlango wa kupita kutoka mkononi hadi nyayoni. Hapa nyaya hazikugusana, na mkondo haukupanda kwa kiwango cha kuyeyusha kitu. Kwa mtazamo wa mhandisi, hii si *shoti* kabisa.

Wapo wanaodhani kwamba maana hii ilitokana na neno jingine la Kiingereza, shock, lenye maana ya mshtuko. Dhana hiyo inavutia, lakini sauti zinaipinga. Kiswahili kinapotohoa neno linaloishia kwa konsonanti, huongeza irabu mwishoni na kuiacha konsonanti mahali pake: cheki, benki, keki. Shock ingetupa *shoki*. Kilichotokea ni kupanuka kwa maana: wasemaji walilipokea neno moja la umeme lenye harufu ya hatari, wakalitumia kwa jambo walilolihisi zaidi, yaani pigo. Mtu wa kawaida haoni mkondo ukipanda ndani ya ukuta. Anachokijua ni mkono wake kutetemeka.

Fahiwa hii imekwisha kukomaa, na si busara kuwaambia wasemaji kwamba wamekosea. Kazi ya mwalimu wa lugha ni kuonyesha mipaka.

Kitenzi ndicho kinachotenga

Tazama miundo ifuatayo.

*Nyaya zimepiga shoti.* Kiima ni chombo, kitenzi kiko katika kauli ya kutenda, wala hakuna kiambishi cha yambwa. Maana: hitilafu ndani ya sakiti.

*Simu ina shoti.* Kiima ni chombo, kitenzi ni *kuwa na*. Maana ni ile ile: hitilafu iliyomo.

*Pasi imenipiga shoti.* Kiima ni chombo, lakini yambwa ni mtu (-ni-). Maana: pigo mwilini.

*Mtoto amepigwa shoti.* Kiima ni mtu, na kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa. Maana: pigo mwilini.

Muundo wa mwisho unastahili kuangaliwa kwa makini. Twasema *amepigwa na radi*, kwa kuwa radi ndiyo mpigaji. Twasema pia *amepigwa kofi*, *amepigwa teke*, *amepigwa ngumi*, bila *na*, kwa kuwa kofi, teke na ngumi ni pigo lenyewe. *Shoti* imeingia katika kundi hili la pili. Mpigaji, akitajwa, ni kitu kingine: *amepigwa shoti na pasi*, kama vile *amepigwa kofi na kaka yake*. Husikika pia *amepigwa na shoti*, ambapo msemaji ameifanya shoti kuwa mtenda. Katika mazungumzo muundo huo unaeleweka, lakini katika maandishi rasmi *kupigwa shoti* ndio unaopendekezwa.

Baki hapo sentensi moja yenye utata wa kweli: *Jiko linapiga shoti.* Kiima ni chombo, yambwa haikutajwa, na njeo ni ya wakati uliopo unaoendelea au wa mazoea. Je, jiko linampiga mpishi kila aligusapo, au nyaya zake zinagusana? Fundi mzuri hatoki na sanduku lake kabla ya kuuliza. Mazungumzo haya ya kutungwa yanaonyesha namna anavyoutatua utata kwa kurudisha yambwa iliyokosekana:

— Shikamoo, mama.
— Marahaba, mwanangu. Fundi, jiko langu linapiga shoti.
— Linakupiga wewe, mama, au breka inakata?
— Linanipiga mimi. Nikiligusa na sufuria mkono unatetemeka. Breka haijakata hata siku moja.
— Basi lizime ukutani, chomoa, usiliguse tena mpaka nifike.

Angalia kwamba jibu la pili la mama halikuongeza istilahi yoyote. Limeongeza *-ni-* tu. Silabi hiyo moja imebadilisha uchunguzi wa fundi. Sasa anajua kwamba umeme unavuja hadi kwenye bati la jiko, na pengine waya wa ardhi, ambao mafundi huuita *ethi*, haukuungwa.

Sentensi ya kweli inayoweza kuua

Chukua sentensi hii, ambayo mfasiri mwangalifu angeweza kuiandika bila kutia shaka: *Sakiti breka huilinda nyumba yako dhidi ya shoti.* Katika maana ya kwanza ni kweli tupu. Breka, kama fyuzi iliyotangulia, ilibuniwa kwa kazi hiyo: mkondo ukipita kiwango, inakata. Katika maana ya pili sentensi hiyo ni ya uongo, na msomaji wa kawaida ataisoma kwa maana ya pili, kwa sababu hiyo ndiyo anayoijua.

Hesabu zinaonyesha ukubwa wa pengo. Breka ya soketi za nyumbani yaweza kuwa ya ampia 20. Haina habari na mkondo ulio chini ya hapo. Kwake huo ni utumiaji wa kawaida. Mwili wa mtu hauhitaji ampia 20. Mkondo wa miliampia 10 hivi unatosha kuikaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kukiachia alichokishika, na makumi machache ya miliampia yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Miliampia 30 ni ampia 0.03. Mtu anaweza kufa huku breka imetulia mahali pake, ikiwa imefanya kazi yake sawasawa.

Kinachokinga mwili ni mambo mengine: waya wa ardhi uliounganishwa ipasavyo, na kifaa kinacholinganisha mkondo unaotoka na unaorudi, kikakata umeme kinapoona kiasi kidogo kimepotea njiani. Mafundi wengi hukitaja kifaa hicho kwa herufi zake za Kiingereza, RCD. Kwa msomaji wa kawaida inafaa kukiita *kifaa cha kukata umeme unaovuja*. Jina hilo ni refu, lakini linaeleza kazi.

Kwa hiyo sentensi ile irekebishwe hivi: *Sakiti breka huilinda nyumba dhidi ya moto unaotokana na nyaya kugusana au kuzidiwa mzigo. Haimlindi mtu asipigwe shoti.* Sentensi zimekuwa mbili, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa kuwa hatari ni mbili.

Kupigwa, kunaswa, kurushwa

Kiswahili kina msamiati wa kueleza kilichompata mtu baada ya mkondo kumpitia, na kila neno lina taarifa yake.

*Kupigwa shoti* hutaja pigo bila kusema matokeo. Aliyepigwa shoti huenda akacheka baada ya dakika moja, au huenda akafariki. Mwandishi wa habari asimwachie msomaji kukisia.

*Kunaswa na umeme* hutaja kushikwa. Kitenzi *nasa* ni cha mtego na ulimbo: ndege hunaswa, samaki hunaswa. Ni sitiari iliyo sahihi hata kisayansi, kwa sababu mkondo huikaza misuli na mkono ukabaki umeshikilia waya. Neno hili lina thamani kubwa katika maelekezo ya huduma ya kwanza, maana linamkumbusha msaidizi kwamba aliyenaswa bado yumo katika sakiti, na kwamba anayemgusa atanaswa pia. Agizo la kwanza ni kuzima umeme kwenye swichi kuu.

*Kurushwa na umeme* hutaja kutupwa mbali. Hapa huenda mtu ameachana na waya, lakini ana majeraha ya kuanguka.

Nchini Kenya, ambako umeme huitwa pia *stima*, husikika *kupigwa na stima* na *kushikwa na stima*. Mfasiri anayeandikia wasomaji wa nchi zote mbili atumie *umeme*, neno linaloeleweka kote.

Istilahi *mshtuko wa umeme* inafaa katika vitabu vya tiba na fizikia kwa maana ya pili, kwani haichanganyiki na ya kwanza. Upungufu wake ni kwamba *mshtuko* katika lugha ya kila siku ni wa moyo na hisia, hivyo huipunguza hatari ikaonekana kama hofu ya kupita. Katika bango la onyo *kupigwa shoti* au *kunaswa na umeme* lina uzito zaidi.

Majirani wa shoti katika mazingira ya Uluguru

Neno *umeme* lenyewe lilikuwa la mbinguni kabla ya kuwa la nguzo. Kamusi za karne ya 19 zinalitaja kwa maana ya mwanga unaomulika mawinguni, na lina undugu na *kumeta* na *kumetameta*. Matumizi hayo hayajafa. Jioni ya masika mjini Morogoro mtu anaweza kutazama vilele vya Uluguru akasema *umeme unamulika milimani*, na katika pumzi hiyo hiyo akaongeza kwamba *umeme umekatika*. Wa kwanza ni wa mvua, wa pili ni wa mita ya luku. Usanifu wa msamiati wa mvua ni huu: *umeme* ni mwanga, *radi* ni pigo, *ngurumo* ni sauti. *Shoti* haitumiki kwa radi. Aliyepigwa na radi kule Mgeta hakupigwa shoti, hata kama chanzo cha yote mawili ni chaji za umeme.

Kitenzi *katika* nacho kina mtego. *Umeme umekatika* maana yake huduma imesimama. *Waya umekatika* maana yake waya umetengana vipande viwili. Katika miteremko ya Matombo au Kinole, ambako migomba na miti mirefu husimama karibu na nguzo, upepo na maporomoko ya udongo vinaweza kuuangusha waya. Nyumba zilizo mbele ya mahali ulipokatikia zinabaki gizani, na wenyeji husema kwa haki kwamba umeme umekatika. Lakini kipande cha upande wa pili, kilicholala kwenye majani yaliyolowa, kinaweza kuwa bado kina umeme. Anayefikiri kwamba *umekatika* ni neno moja lenye jambo moja anaweza kukiokota. Tangazo zuri litasema: *Waya ulioanguka huenda bado una umeme, hata kama taa za kijijini zimezimika. Usiusogelee.*

Mtego wa tatu umeletwa na reli. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni za umeme zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Nyaya zilizo juu ya reli hiyo zina msongo wa kilovolti 25, zaidi ya mara 100 ya volti 230 za nyumbani. Dhana ya kawaida ya *kupigwa shoti* ina mguso ndani yake: hupigwi usipogusa. Kwa msongo mkubwa namna hiyo dhana hiyo haitoshi, kwa sababu umeme unaweza kuruka hewani ukamfikia mtu, fito au bomba lililokaribia mno. Kwa hiyo agizo *usiguse*, linalofaa kwa soketi ya sebuleni, halifai kwa nyaya za reli. Kitenzi kinachotakiwa ni *usikaribie*, na ikiwezekana umbali utajwe kwa mita.

Maana za kitamathali

Maana halisi zikiwa mbili, tungetarajia sitiari nazo ziwe za namna mbili, na ndivyo zilivyo.

Kutokana na *pigo* imezaliwa sitiari ya mshtuko: *Ujumbe wake umenipiga shoti. Aliposikia ada mpya alikuwa kama aliyepigwa shoti.* Sifa zinazohamishwa ni ughafla, ufupi na kutetemeka. Huzuni ndefu haiitwi shoti. Msiba unaoendelea kuuma mwaka mzima hauna shoti ndani yake, ila labda dakika ya kupokea habari.

Kutokana na *hitilafu ya sakiti* imezaliwa sitiari ya kasoro: *Jamaa yule ana shoti kidogo.* Kichwa kimefananishwa na chombo ambacho ndani yake nyaya zinagusana. Usemi huu uko jirani na *nati zimelegea*. Ni mzaha wa vijiweni, na unaweza kuumiza. Usitumike kamwe kutaja ugonjwa wa akili katika maandishi ya afya, ya sheria au ya elimu.

Linganisha sasa vitenzi. Sitiari ya kwanza inakwenda na *kupiga* na *kupigwa*, na ya pili inakwenda na *kuwa na*. Ni mpaka ule ule uliotenga maana halisi. *Amepigwa shoti* haiwezi kueleweka kwamba mtu ana kasoro ya akili, wala *ana shoti* haiwezi kueleweka kwamba ameshtushwa na habari. Sitiari imerithi sarufi ya maana iliyoizaa.

Sitiari nyingine ya waya inahitaji kutajwa kwa tahadhari. Katika lugha ya mitaani ya Tanzania, *kukanyaga waya* au *kukanyaga miwaya* ilikuja kumaanisha kuambukizwa Virusi vya UKIMWI. Kiini cha sitiari hiyo ni hatari isiyoonekana kwa macho: waya ulio na umeme haufanani na kitu chenye kuua. Kama tafsida iliwapa watu njia ya kusema lisilosemeka, lakini ilibeba pia lawama, kwamba aliyeambukizwa alikuwa mzembe asiyetazama anapokanyaga. Mfasiri wa hadithi akiukuta msemo huu katika mazungumzo ya wahusika auhifadhi. Mwandishi wa kijarida cha afya auache.

Shoti ya fedha na shoti ya farasi

Mhudumu wa kaunta, mwuza mafuta kituoni na karani wa stendi ya Msamvu wote wanaijua shoti isiyo na umeme. Hesabu ikifungwa na fedha zikapungua, *ameingia shoti*, na aghalabu *hulipa shoti* kutoka mfukoni mwake. Je, hii ni sitiari ya umeme? Sarufi inasema sivyo. Shoti ya fedha hupimwa: *shoti ya elfu tano*. Shoti ya umeme haihesabiwi kwa namna hiyo. Shoti ya fedha hupatwa, huingiwa na hulipwa, wala *haipigi* mtu. Zaidi ya hayo, neno la Kiingereza short lina maana ya upungufu bila kupitia kwenye umeme. Yaelekea, basi, kwamba mzizi mmoja umeingia Kiswahili mara mbili, kwa milango miwili: warsha ya fundi na meza ya mhasibu. Kwa sababu hiyo tumeipa kidahizo chake, *shoti (II)*.

*Shoti (III)*, mwendo wa mbio wa farasi au punda, imo katika kamusi za Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Husemwa *kwenda shoti* na *kupiga shoti*. Wasomaji vijana wanaokutana nayo katika hadithi za zamani hudhani mnyama ameguswa na waya. *Punda alipiga shoti* maana yake alikimbia kwa kasi. *Punda alipigwa shoti* ni habari nyingine kabisa, na mwenye punda atailia.

Mapendekezo kwa mfasiri na mwalimu

Katika kitabu cha fizikia au mwongozo wa ufundi, tumia *shoti* kwa maana ya kwanza tu, na uieleze inapotokea mara ya kwanza. Kwa maana ya pili tumia *mshtuko wa umeme*. Epuka *mzunguko mfupi*, kwani humfanya mwanafunzi afikirie urefu wa waya, ilhali jambo lenyewe ni kukosekana kwa ukinzani.

Katika tangazo la usalama kwa umma, tumia *kupigwa shoti* kwa mtu, na *nyaya kugusana* kwa chombo. Usiache nomino *shoti* peke yake bila kitenzi.

Katika taarifa ya moto, fuata neno la chanzo. *Hitilafu* ibaki *hitilafu*.

Katika hadithi na tamthilia, waache wahusika waseme kama wasemavyo, utata na yote.

Darasani, wape wanafunzi sentensi *Jiko linapiga shoti* na uwatake waandike maswali mawili ambayo fundi angeuliza kabla ya kuligusa jiko hilo. Zoezi ni dogo, lakini linafundisha kwa pamoja kauli za vitenzi, dhima ya yambwa na tahadhari ya umeme.

Tazama pia: fyuzi, hitilafu, kufua (umeme), luku, mkondo, msongo, nasa, radi, stima, waya.